Konsoli za libuyu kutoka Majengo: zinabeba kweli, lakini peleka kipimo chako mwenyewe

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkiona picha ya saloni yangu, yaani sebule. Konsoli moja ya libuyu, ile mbao yetu nyekundu ngumu, iliyochongwa kwa mkono ni dola 12. Fundi wa Majengo, mtaa wa hapa Goma, alianzia 18. Nilichukua sita, tatu kwa kila etajeri (rafu ya ukutani), pamoja na mbao mbili za etajeri zenyewe kwa dola 15 kila moja. Jumla dola 102: avansi nusu, nusu iliyobaki unalipa siku ya kupokea. Usafiri ni wako. Visi (skrubu) ni zako. Kuzifunga ukutani pia ni shauri lako, na hapo ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu watu wanasifu kuchonga halafu wanaharibu kila kitu kwenye ukuta.

Kwa asiyezijua, konsoli ni ile mikono ya mbao inayokaa chini ya etajeri, chini ya kizingiti cha dirisha au kwenye pembe za juu za mlango. Mgongo unalala ukutani, kichwa kinatokeza mbele kubeba. Zingine zimechongwa majani na maua, zingine zina mkunjo mmoja tu unaoteremka mpaka chini. Zangu ni za mkunjo, na mifereji mitatu mbele.

Mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, mtaa wa Birere. Etajeri za kwangu hazibebi ua la plastiki na picha ya harusi peke yake. Zinabeba mali. Kikwembe cha yadi sita hakifiki kilo moja, lakini panga arobaini kwenye ubao wa mita moja na nusu uone kama bado ni mapambo. Kwa hiyo nisomeni mkijua hilo: ninapima konsoli kwa mzigo kwanza, uzuri unakuja nyuma yake kidogo. Mwenye kutaka pambo tu anaweza kuwa na maoni mengine na sitagombana naye.

Kabla ya kufika Majengo nilipita kwenye kinkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) moja ya katikati ya mji, ambayo sitaitaja. Wana konsoli nzuri sana kwa macho, zina majani yaliyojikunja na rangi ya mbao ya dhahabu, dola 9 kila moja. Ukiishika mkononi unashangaa: haina uzito. Ni povu gumu lililopakwa rangi. Kijana wa dukani akanihakikishia, "Mama, hii njo inatoka Turkiya, haiozi, haipasuki, mchwa hauikule." Yote matatu ni kweli. Nikamuuliza inabeba kilo ngapi, akaniambia inabeba "kila kitu". Hapo nikarudisha mfuko wangu begani.

Sisemi hivyo kwa chuki. Povu lile lina kazi yake. Ukitaka kupamba pembe inayokutana na plafo (dari), au kuweka kitu chini ya boriti ya uongo ambayo imeshafungwa vizuri kwa njia nyingine, linatosha kabisa na ni jepesi kwa ukuta. Tatizo ni kuliuza kama kitu cha kubeba. Mdogo wangu alinunua nne kwenye duka lilelile kwa ajili ya jikoni lake, akaweka sufuria juu. Povu likabonyea pale kichwa cha visi kilipokaa, tundu likapanuka, na etajeri ikaanza kuinama mbele kidogo kidogo. Aliporudi nazo dukani wakamwambia bidhaa ikishafungwa ukutani haipokelewi tena. Sasa zimekaa juu ya mlango wa chumba chake hazibebi chochote, na nakubali, pale zinapendeza.

Atelye ya Majengo, yaani karakana ya fundi wangu, haina kibao cha jina. Ni paa la mabati juu ya nguzo, vitanda na makabati yamepangwa mbele mpaka karibu na barabara, na vumbi la mbao miguuni. Kilichonivuta ni nyuma. Mbao zake zimesimama zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na kila rundo limeandikwa kwa chaki mwezi na mwaka zilipoingia. Ukienda kwa seremala yeyote hapa Goma, angalia nyuma kwanza. Vitanda vya mbele vinasema anajua kupaka verni (vanishi). Ya nyuma ndiyo yanasema kama mlango wake utafungika mvua zikianza.

Mbao nyekundu zinazoingia mjini mwetu kutoka upande wa Walikale na Beni zinauzwa zikiwa mbichi mara nyingi, na mteja hana namna ya kujua kwa macho. Mbao ngumu iliyoachwa ikauke kwa hewa inataka karibu mwaka mzima kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Konsoli yangu ina unene wa sentimita tano. Piga hesabu: miaka miwili. Nani ana nafasi ya kuweka mbao nene miaka miwili chini ya bati? Fundi huyu anafanya jambo la akili. Anachukua mbao mbili nyembamba zilizokwisha kukauka, anazipaka kole (gundi), anazibana kwa vibanio usiku mzima, na asubuhi ana gogo la sentimita tano lisilo na maji ndani. Ukigeuza konsoli ubavuni utaona mstari mwembamba unaopita katikati. Kuna wateja wanaouona wakadhani wamepewa kiraka. Mimi nikiuona nafurahi.

Nilimwonyesha rundo moja zuri lenye rangi ya kukolea, nikataka hilo. Akakataa.

"Mama, hii iko mbichi bado. Nikikuchongea leo, mwezi wa saba utaniletea imepasuka, na utakuja na hasira."

"Na nikikuambia sitakuja?"

"Utakuja tu, Mama. Wote banakujaka."

Nikacheka, nikachukua alilonipa.

Libuyu ukiichana ina harufu tamu inayokaribia mwerezi, na rangi yake ni ya waridi kwanza kisha inakolea kahawia ikiona mwanga. Shida yake ni nyuzi. Zinakwenda upande mmoja, halafu safu inayofuata zinakwenda upande wa pili, ndiyo maana ukiisugua inaonyesha mistari inayong'aa na kufifia ukipita mbele yake. Uzuri huohuo ndio unaotesa randa: inateleza hapa, inang'oa kipande pale. Fundi anamaliza kwa msasa, anaanza mkali, anashuka laini, na ukipitisha kidole ndani ya mifereji mitatu hupati mwiba hata mmoja. Nilipitisha kwenye zote sita nikiwa nimesimama hapohapo. Akaniangalia tu.

Sasa jambo ambalo lilinifanya nimwamini. Nilikuwa nimepeleka modeli ya kartoni, niliyoikata mwenyewe: mgongo sentimita 24, kichwa sentimita 17, kwa etajeri ya upana wa 25. Vipimo hivyo vina sababu. Kichwa cha konsoli kifike karibu theluthi mbili ya upana wa ubao, na mgongo uwe mrefu kuliko kichwa, maana mzigo wa juu unataka kung'oa visi ya juu wakati ncha ya chini inasukuma ukuta. Mgongo ukiwa mrefu, visi ya juu inapumua. Konsoli nyingi za dukani zina kichwa kirefu na mgongo mfupi kwa sababu zinapendeza hivyo kwenye picha.

Fundi akaweka kartoni yangu juu ya ubao, akaizungusha, akaizungusha tena, mpaka nyuzi za mbao zikapita kwa mshazari, zikitoka chini mgongoni na kupanda hadi kichwani mbele. Nikamwambia anapoteza mbao, maana akiiweka sawasawa na ukingo angetoa konsoli tatu pale anapotoa mbili. Hakunijibu kwa mdomo. Aliokota chini kipande kilichobaki, chenye mkunjo uleule lakini nyuzi zimekatiza shingoni, akakishika kwa mikono miwili akakivunja. Kilitoa mlio mdogo tu. Kisha akanipa kingine, ambacho nyuzi zake zinafuata mkunjo, akaniambia nivunje. Nilijaribu kwa goti. Vijana wa atelye walicheka sana, na kile kipande bado ninacho, watoto wanakitumia kuzuia mlango.

Ukienda kununua konsoli iliyokwisha kuchongwa, kwa yeyote yule, fanya hivyo kwa macho: itazame ubavu, tafuta mahali inapokuwa nyembamba zaidi, uone kama nyuzi zinapita pale kwa urefu au zinakatiza. Zikikatiza, hiyo ni ya kupamba tu hata ikiwa ya mbao ghali kuliko zote.

Kuhusu mchongo wenyewe ana modeli nyingi: ua, jani, simba, na kichwa cha okapi ambacho anakipenda kuliko mteja yeyote atakavyokipenda. Alinisihi nichukue okapi. Nilikataa kwa heshima, maana okapi sita wakikutazama kutoka chini ya vikwembe ni wengi. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa vumbi. Sisi wa Goma tunajua: lile vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia hata mahali ulipofunga. Ua lenye petali zilizochimbwa sana litajaa ndani ya wiki za kiangazi, na kitambaa hakifiki, utakuwa unatumia mswaki. Mifereji mitatu isiyo na kina inafutwa kwa mara moja ukiwa unapita. Rafiki yangu wa Himbi ana konsoli zenye zabibu na majani yake yote, kazi ya mkono mzuri sana, na nikimtembelea naona kila zabibu ina kofia ya majivu.

Nina ndugu Bukavu, anakaa nyumba moja ya zamani upande wa Nyawera, zile zilizojengwa mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, kuta laini, pembe za mviringo, mistari iliyonyooka kwenye baraza. Alitaka nimtumie konsoli kama zangu. Nilimwambia hapana. Nyumba ya namna ile, ya Art Deco, inapatana na konsoli ya ngazi, yaani mbao inayopungua hatua kwa hatua bila mkunjo wala ua. Seremala wa Kadutu, hukohuko Bukavu, amemchongea hivyo kwa cypress iliyopakwa rangi ya ukuta, na mtu akiingia anadhani zilikuwapo tangu nyumba ilipojengwa. Cypress ni laini na ina vifundo, siyo ya mzigo mkubwa, lakini yeye anaweka vitabu vichache na redio. Na yeyote anayeniletea picha za roshani za Mji Mkongwe wa Zanzibar ili amwonyeshe fundi, tafadhali atazame unene wa mbao zile kwanza. Zinashikilia watu wanaosimama juu ya barabara. Mchongo umekaa juu ya mbao nene ambayo ingebeba hata bila mchongo. Ukichukua mchongo ukaacha unene umechukua kivuli.

Haya, ukuta.

Nyumba yangu ya Katindo ni ya namna mbili, kama nyingi za hapa: mbele matofali ya sima (saruji), nyuma mbao. Etajeri moja iko kila upande, kwa hiyo nimeona mambo yote mawili. Kwenye ukuta wa sima, changarawe ya volkano iliyomo ndani ya tofali ina vitundu vitundu. Ukianza kutoboa kwa mashine ikiwa inapiga nyundo, inabomoka na tundu linakuwa kubwa kuliko shevili, ile bomba ndogo ya plastiki inayotangulia visi. Anza bila nyundo. Toboa polepole, pulizia vumbi litoke, na kama tofali lina uvungu na shevili inazunguka bure, usiipige kijiti cha kiberiti kama mafundi wengine wanavyofanya. Jaza tundu kwa sima nzito, acha ikauke kabisa, utoboe upya. Inachukua muda. Ni bora kuliko kuokota vikwembe chini.

Ukuta wa mbao ni hadithi nyingine. Ubao wa ukuta ni mwembamba, unatetemeka mtoto akifunga mlango, na visi ikiingia pale haishiki kitu. Konsoli lazima ikae juu ya nguzo iliyo nyuma ya ubao. Unaijua nguzo kwa mistari ya misumari, au unagonga kwa kidole usikie mlio ukibadilika. Tabu ni kwamba aliyejenga nyumba hakuweka nguzo kwa kufuata etajeri zako. Mimi nilitaka konsoli zangu ziachane sentimita 60, na nguzo zangu zinaachana kadiri mjenzi alivyoamka siku hiyo. Dawa yake ni ubao mmoja mrefu wa kulala, unafungwa kwenye nguzo zote unazozipata, halafu konsoli zinafungwa kwenye ubao huo mahali unapotaka. Tuliupaka verni ileile, na sasa wageni wanadhani ni sehemu ya urembo. Ukweli ni kwamba bila ubao ule hakuna etajeri.

Visi mbili kwa kila konsoli, moja juu, moja chini, ndefu za kutosha kupita mbao na kuingia vizuri ndani. Fundi alitoboa matundu mapana kwa mbele ili kichwa cha visi kizame, akanipa vifuniko vidogo vya libuyu vya kuziba juu. Unatia tone la kole, unagonga, unasugua. Usipoambiwa huoni. Kuna wanaopenda bamba la chuma lenye tundu la ufunguo mgongoni ili konsoli ininginie bila visi kuonekana. Kwa saa ya ukutani sawa. Kwa mzigo wangu, na kwa mji wetu, sikutaka kitu kinachoninginia.

Nasema mji wetu kwa sababu mnakumbuka 22 Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi, na baada ya moto ikaja mitetemeko, mchana na usiku, siku baada ya siku, mpaka sehemu kubwa ya jiji ikaambiwa ihame. Kwangu glasi zilikuwa zinatembea zenyewe juu ya kabati mpaka ukingoni. Na Bukavu nao hawajasahau tetemeko la 3 Februari 2008. Kwa hiyo kwenye etajeri zangu kuna mambo mawili ambayo huyaoni kwenye picha nzuri za mapambo: ubao umefungwa kwenye konsoli kwa visi zinazopanda kutoka chini, haujalazwa tu juu yake, na mbele kuna ukingo mwembamba wa sentimita moja na nusu unaozuia vitu visiteleze. Ukingo huo fundi aliuongeza bila malipo nilipomweleza sababu. Juu ya kitanda cha mtoto sitaweka etajeri hata ikiwa na konsoli za chuma. Juu ya kichwa changu pia hapana.

Jikoni nilikwenda njia nyingine kabisa, na hii wengi hawaifikirii. Waunda chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Watu wale wanachonga eukaliptusi kila siku, na wanajua kwa mkono tu mbao ipi itabeba mamia ya kilo za makala (mkaa) na viazi kuteremka nazo kutoka milimani. Nilimwomba mmoja anikatie mikono miwili minene, bila ua, bila mfereji, shoka na tupa tu. Dola 5 kila mmoja. Havijanyooka kama kazi ya Majengo na rangi yake ni ya kijivu inayoelekea manjano, lakini vimebeba ndoo ya maji na sufuria za sikukuu bila kulalamika. Onyo: eukaliptusi ikikauka inajipinda na kupasuka kwa hasira, kwa hiyo chukua mbao kuukuu. Yangu ilikuwa ubao uliobaki wa chukudu iliyostaafu, na bado ina tundu la msumari upande mmoja, ambalo mume wangu anataka lizibwe na mimi sitaki.

Kama una uwezo, jikoni weka muvula (mvule). Ina mafuta yake ya asili, mchwa hauipendi, mvuke hauisumbui sana. Bei iko juu kuliko libuyu, na fundi analalamika kwamba vumbi lake linamwasha pua na macho, kwa hiyo atakutoza na hiyo pia.

Mahali konsoli zinapopendeza zaidi bila kubeba sana, kwa maoni yangu, ni ule uwazi kati ya saloni na mahali pa kulia chakula. Wengi wetu tuna uwazi wa mraba usio na mlango, umepakwa rangi basi. Weka mbili tu, moja kila pembe ya juu, na uwazi unakuwa na sura. Chini ya kizingiti cha dirisha pia, ikiwa kizingiti ni kipana. Chini ya fimbo ya rido (pazia) sipendi, rido linazificha na unakuwa umelipia kitu cha kujua wewe peke yako. Jirani yangu alipoona zangu akaagiza kumi na mbili, akazungusha saloni nzima, na chini ya televisheni pia. Ukikaa pale unahisi kama kuna kitu kinataka kukushuka mabegani. Nimemwambia, kwa hiyo siyo umbeya.

Verni: omba isiyong'aa. Ile inayong'aa sana inaonyesha kila alama ya kidole, na usiku taa ikiwaka mchongo haueleweki, unaona mwanga tu. Ukipika kwa makala karibu, ile isiyong'aa pia inafutika masizi kwa urahisi zaidi kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni. Mimi nafuta, nakausha, imetosha.

Sasa kasoro, maana sitaki mwende mkidhani ni malaika. Atelye hii haijui tarehe. Ukiambiwa Ijumaa, jua ni Ijumaa isiyo na jina. Umeme ukikatika mashine zinasimama, hilo si kosa lake, lakini simu yake nayo inasimama, na hilo ni lake. Konsoli moja kati ya sita ilikuja na rangi nyepesi kuliko wenzake. Ameniambia itakolea, na kweli inakolea, ingawa mgeni mwenye jicho bado anaiona. Mbili hazikuwa na pembe kamili ya mraba kati ya mgongo na kichwa, ubao ukakaa na mwanya wa unene wa sarafu. Nilipeleka ekeri, kile kipimo cha pembe mraba, nikamwonyesha, akazisawazisha kwa randa mbele yangu bila maneno mengi. Na verni ilikuwa bado inanata siku aliyonikabidhi. Nilizibeba kwa taksi-moto zikiwa zimefungwa kwenye magazeti, herufi chache zikabaki mgongoni mwa moja. Kwa bahati ni mgongoni, ukuta ndio unaosoma.

Ukilinganisha pesa kwa pesa, dola 12 dhidi ya dola 9 za povu, sioni la kujadili kwa mtu anayetaka kuweka kitu juu. Kwa mtu anayepanga nyumba na atahama mwakani, labda povu lina akili yake: haliumizi ukuta sana na mwenye nyumba hatakuuliza. Libuyu yangu nitahama nayo. Nimeshaambia familia.

Kwa anayekwenda: peleka kartoni iliyokatwa kwa ukubwa kamili, usipeleke picha ya simu peke yake, maana picha haina sentimita. Mwambie utabeba nini. Omba kuona mbao kabla ya kutoa avansi na usome chaki. Omba nyuzi zipite kwa mshazari, atakuheshimu. Dola zako ziwe safi, yenye mchaniko hata wa milimita ataigeuza mara mbili akurudishie, na hapo hamtaelewana. Mimi nimeagiza nyingine mbili za baraza, chini ya boriti, na safari hii amenishinda: moja itakuwa okapi.